Komando hatulii: mbwa anayerukia kila anayepita njiani

SWALI

Asalaam alaykum, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Dole, Wilaya ya Magharibi A, Unguja. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa na kuku wa mayai. Kwa ajili ya wezi na ngawa tumeweka mbwa, anaitwa Komando. Ni dume, koko la hapa hapa, umri wake kama miaka 3. Usiku simlaumu kwa lolote, tangu aje hatujapoteza hata kuku mmoja.

Tabu yake ni mchana. Amefungwa kwa mnyororo kwenye mwembe mbele ya nyumba, na njia inapita hapo hapo. Kila kinachopita ni vita: bodaboda, baiskeli, gari ya ng'ombe, watoto wanaokwenda chuo cha Kurani, wazee wanaotoka msikitini. Anabweka, anajitupa mpaka mnyororo unamrudisha kwa shingo, povu linamtoka. Mpitaji akishatokomea yeye bado anauzunguka mti. Siku hizi hata jani la mnazi likianguka anaruka.

Wiki iliyopita mnyororo ulikatika akamkimbilia mtoto wa chuo. Hakumng'ata, lakini alimwangusha na juzuu ikaingia matopeni. Sheha amekuja nyumbani, kaniambia kwa upole nifanye jambo kabla halijawa kubwa.

Nimeshauriwa mengi: nimlishe pilipili, nimnyime chakula, nimhasi, ninunue ukosi wa umeme. Mwanangu mkubwa, ana miaka 19 na ndiye anayemhudumia, alianza kumchapa kwa kipande cha mpira wa bomba kila akibweka. Sasa mbwa akimwona na mpira huo habweki, anamkodolea macho tu.

Na mimi nina jambo langu. Sitaki mate yake yanifike, nina sala. Video zote za mafunzo nilizoziona mtu anamlisha mbwa mkononi na kulambwa vidole. Je, ipo namna ya kumtuliza bila hayo? Au nimpe wasasi wa nguruwe kule Kusini, waende naye?

Mama Ng'ombe, Dole

JIBU

Waalaykum salaam, dada yetu.

Tuanze na mwembe, maana hapo ndipo penye kazi kubwa na ndipo pa kuanzia leo, kabla ya somo lolote. Jina lake Komando, lakini uliyoyaeleza karibu yote ni dalili za mbwa mwenye hofu. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kukimbia au kutisha. Mnyororo umemwondolea ya kwanza. Imebaki kutisha, na kila akitisha anashinda: mwenye bodaboda alikuwa anapita tu kwenda zake, lakini anachokiona Komando ni kwamba amebweka na mtu kaondoka. Kutwa nzima anashinda hivyo. Mafunzo ya dakika kumi hayawezi kushindana na mazoezi ya kutwa, kwa hiyo la kwanza ni kumwondolea uwanja wa kuyafanyia.

Lipo na jambo la pili, nalo ndilo linaloeleza hilo jani la mnazi. Mbwa akishtuka mwili humwaga homoni mbili za mshtuko, adrenalini na kortisoli. Adrenalini hushuka upesi. Kortisoli hukawia zaidi, na kwa mbwa anayeishi kwenye msukosuko haipati nafasi ya kushuka sawasawa. Mshtuko wa saa 4 unaukuta wa saa 3 bado uko mwilini, na wa saa 5 unaikuta yote miwili. Kufika alasiri mbwa amejaa, na jani linatosha kumfyatua. Juu ya hapo halali. Mbwa mzima anahitaji kulala na kupumzika saa 12 hadi 14 kwa siku, na wa kwako usiku yuko kazini, mchana yuko vitani.

Basi mhamishie nyuma ya nyumba, upande wa banda la ng'ombe, mahali asipoiona njia. Hapunguzi ulinzi hata kidogo, kwani mbwa hulinda kwa masikio na pua zaidi kuliko macho. Ukiweza kumjengea banda lenye uzio, ndilo bora. Usipoweza, funga waya wa kusuka wa milimita 6 kati ya minazi miwili, urefu wa mita 15, juu kiasi cha mita 2 kutoka chini. Pitisha pete kwenye waya, na kwenye pete ning'iniza mnyororo mwepesi wa mita 3 wenye pingili inayozunguka kila ncha, usije ukajisokota. Mita 3 kabla ya kila mnazi kaza klempu ya kuzuia pete isiendelee. Watu wengi hulisahau hilo, mbwa anajizungusha mtini mpaka anabaki na shibiri moja ya mnyororo, maji yako ng'ambo na jua limemfikia. Hakikisha pia hafikii ukuta, uzio wala gogo lolote analoweza kuliruka, maana akiruka akabaki upande wa pili ananing'inia. Ukosi uwe bapa na mpana, si ule unaojikaza. Kivuli kiwepo saa zote na ndoo ya maji iwe nzito asiipindue.

Kama nyuma hapafai, basi jenga ua wa makuti upande wa njia, kimo cha mita 1.8, ushuke mpaka chini kabisa. Mwanya wa shibiri moja chini ya ua ni mbaya kuliko kukosa ua, kwa sababu anaona miguu inapita bila mtu. Mabati tusingeyachagua: yanazuia kuona, lakini upepo wa kusi ukiyagonga unamtengenezea adui mwingine. Makuti yakioza baada ya masika badilisha, usingoje yaanguke.

Hilo la sheha na la mtoto lishughulikie wiki hii hii. Nenda kwa wazazi, nenda na juzuu mpya. Kisha mwone ustadhi wa chuo umwombe mambo mawili: watoto wapite ng'ambo ya pili ya njia, na wasirushe mawe wala kumwigiza mbwa. Uchunguze vizuri uone kama hawajawahi kumpiga mawe pale mwembeni. Mbwa aliyefungwa akipigwa mawe na watoto huanza kuwachukia watoto wote, na kanzu nyeupe na kofia humtosha kuwatambua. Waambiwe pia kwamba mbwa akiwakimbilia wasikimbie: wasimame wima, mikono mwilini, macho chini, mpaka apoteze hamu.

Halafu daktari wa mifugo. Usilipuuze hili ukidhani tatizo ni tabia tu. Sikio lenye usaha, jino bovu, shingo iliyochubuliwa na mnyororo au homa ya kupe humfanya mbwa mpole awe mkali, na mafunzo hayaponyi sikio. Aangaliwe, apewe dawa ya kupe na minyoo, na achanjwe kichaa cha mbwa kama mwaka umepita. Tusidhani visiwa vinatukinga. Pemba ugonjwa ulikuwa umeshatoweka, mwaka 2016 ukaingia tena, na ulikomeshwa kwa kuchanja mbwa. Kadi ya chanjo ndiyo kitu cha kwanza sheha atakachokitaka siku mtoto akichubuliwa. Na akichubuliwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, chanjo au si chanjo.

Sasa ushauri uliopewa. Pilipili humchoma tumbo na mdomo, basi. Hakuna ukali wala upole unaoingia kwa pilipili. Njaa humwongezea wasiwasi, na inaharibu mafunzo kwa sababu mbwa mwenye njaa kali hafikiri, anagombania. Kuhasi kuna faida zake, hasa kwa dume anayetoroka kufuata majike, lakini hofu haikai kwenye korodani. Kwa mbwa mwoga kunaweza hata kumzidishia, kwa hiyo zungumza na daktari na usikufanye dawa ya tatizo hili. Ukosi wa umeme na mpira wa bomba ni jambo moja. Mbwa anaona bodaboda, anapata maumivu. Anajifunza kuwa bodaboda zinauma. Atakachoacha ni kunguruma, na hapo ndipo hatari ilipo. Kunguruma ni onyo. Ukilifuta onyo unabaki na mbwa anayeng'ata kimya, na hayo macho anayomkodolea mwanao ndiyo mwanzo wake. Mpira huo utupwe leo. Kwa wiki moja mwanao asimwendee mbwa na kitu chochote mkononi isipokuwa bakuli la chakula.

Tuje kwenye mate. Hukumu yenyewe mwulize sheikh wenu, ingawa unajua kuwa mbwa wa mifugo na wa shamba wametajwa katika ruhusa, na kwamba kavu kwa kavu haihamishi najisi. Sisi tunazungumzia mikono. Habari njema ni kwamba kwa mbwa wa aina hii kulisha mkononi si lazima, na tusingekushauri hata kama usingekuwa na jambo la sala. Chakula kitupwe chini, mbele ya miguu yake. Kichwa kinashuka, macho yanaachana na njia, pua inaanza kazi. Yote matatu yanamtuliza. Vidole vya mwanao navyo vinakuwa mbali na meno. Chukua upawa wa kifuu wenye mpini mrefu, uwe wa mbwa tu, au mkebe wenye vipande vya kudondosha. Kamba na mkanda wavishwe kwa glavu za mpira zinazoning'inizwa pale pale bandani, na mwanao awe na shati moja la kazi hiyo. Bakuli lisiingie jikoni kwako. Ukishaupanga hivyo, aliyemhudumia mbwa hana sababu ya kulowana.

Wiki 2 za mwanzo hakuna somo la njia kabisa. Ni za kupumzika, na watu huzionea uvivu kwa sababu hazionekani kama kazi. Asione bodaboda, asione mtu mgeni kadiri inavyowezekana. Mpe kazi ya pua: asubuhi, badala ya bakuli, tawanya chakula chake kwenye majani, eneo la mita 3 kwa 3, akitafute. Kunusa huku kichwa kikiwa chini hupunguza mhemko, na dakika 15 za kutafuta humchosha vizuri. Jioni mpakie ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa dagaa ndani ya kifuu, mwekee chini aulambe. Kulamba na kutafuna humtuliza. Akimaliza kiondoe kwa koleo, kwa sababu akichoka kulamba ataanza kukivunja na vipande vyake vina ncha. Makumbi usimpe, nyuzi zake zikimezwa huweza kuziba utumbo. Mifupa iliyopikwa pia hapana.

Mara moja kwa siku mwanao amtembeze kondeni, upande wa nyuma, kwa kamba ya nailoni ya mita 5 hadi 8, nene ya milimita 10 isiyokata viganja, ikiwa imefungwa kwenye mkanda wa kifuani na si shingoni. Shingo ikikabwa, mwili unasoma hatari. Kamba ilegee. Mbwa achague pa kunusa, kijana afuate. Haendi popote, dakika 20 zinatosha, saa 12 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Ukiweka mgongo wa kiganja chako kwenye lami au mchanga ukashindwa kuhesabu mpaka 7, nyayo zake nazo haziwezi.

Katika wiki hizo mbili mfundishwe mambo matatu hapo hapo uani, pasipo na kelele. La kwanza ni sauti ya ahadi. Chagua neno moja fupi, tuseme "haya", kwa sauti ile ile kila mara. Neno, kisha ndani ya sekunde moja kipande cha chakula chini. Mara 15, pumzika, rudia jioni. Siku ya tatu au ya nne ukilisema neno hilo akiwa anaangalia pengine, atageuka upesi. Hapo limeingia. La pili ni kugeuka: mnatembea, kijana anasema "huku" kwa furaha, anageuka na kwenda upande aliotoka, mbwa akimfikia chakula kinaanguka. Lirudiwe mpaka liwe mazoea ya miguu, maana siku litakapohitajika hakuna muda wa kufikiri. La tatu ni gunia. Tandika gunia kuukuu. Akilikanyaga, kipande, akikaa, kipande, akilala, vipande vinadondoka polepole katikati ya miguu yake ya mbele, kila sekunde 3, kisha kila sekunde 5, kisha 10. Dakika 3 tu, halafu gunia likunjwe. Gunia hilo ndilo utakalolitumia baadaye karibu na njia, na litakuwa limeshabeba utulivu.

Chakula cha mafunzo kiwe kitu anachokitamani kuliko ugali. Firigisi au maini ya kuku, yachemshwe bila chumvi, bila kitunguu wala thomu (vyote viwili humdhuru damu), yakatwe ukubwa wa punje ya kunde. Robo kilo inatosha siku 2 au 3. Dagaa pia wanafaa, lakini hawa wetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke na ubadilishe maji mara mbili. Siku za mafunzo mengi punguza ugali wa jioni.

Sasa njia. Kabla ya kuanza, mwanao ajifunze kusoma mdomo. Mbwa aliyetulia mdomo wake uko wazi kidogo na ulimi umelegea. Kitu cha kumtia wasiwasi kikitokea, mdomo hufungwa, kabla ya sauti yoyote. Kisha masikio yanakwenda mbele, uzito wa mwili unahamia miguu ya mbele, mkia unapanda na kukakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama. Kutoka mdomo kufungwa mpaka kuruka ni sekunde chache mno, na ndani ya hizo ndimo mafunzo yanamofanyika. Kulamba pua, kupiga miayo hali hana usingizi, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, yote ni kusema "hapa pananishinda". Dalili moja ni njema: akijikung'uta mwili mzima hali ni mkavu, ameutua mzigo. Mpe nafasi, usimvute.

Tafuta umbali ambao anakiona kitu, mdomo unafungwa au masikio yanasimama, lakini habweki na bado anakula. Kwa mbwa kama huyu usishangae ikiwa ni mita 40 au 60, kule ndani kondeni. Huo ndio mpaka wake, na kazi yote ifanyike nyuma ya mpaka. Mtu anatokea njiani, Komando anamwona, "haya", kipande chini. Bado anaonekana, kipande kingine, na kingine. Mtu ametokomea, chakula kimekoma, mikono imekunjwa. Mpangilio huu usiguswe: kwanza aone, kisha apate. Kosa tunaloliona kuliko yote ni kumlisha kabla, mtu akisikia bodaboda inakuja anaanza kumwaga firigisi ili mbwa "asiione". Baada ya wiki firigisi yenyewe inakuwa habari ya bodaboda, mbwa akiona upawa anaanza kutafuta adui na chakula hakitaki tena.

Kikao kiwe dakika 5 hadi 10, mara moja au mbili kwa siku, na siku 2 za wiki ziwe tupu kabisa. Chagua saa ambayo watu wanapita mmoja mmoja. Saa ya kutoka skuli na chuoni siyo. Bora zaidi ni kumpata jirani mwenye subira na baiskeli, apangwe: siku ya kwanza asimame tu na baiskeli, kisha aikokote, kisha aipande polepole. Bodaboda ifuate ngazi hizo hizo, imezimwa, imewashwa imesimama, inakwenda taratibu. Asimwangalie mbwa machoni wala asimwite jina. Ukibadilisha jambo moja, mengine yabaki palepale. Ukiongeza mwendo usikaribie. Ukikaribia, rudi kwenye mwendo mdogo. Ukaribie mita 3 tu kwa mara moja, na iwe baada ya vikao vitatu ambavyo yeye mwenyewe, akishaona, anageuza kichwa kumtazama kijana kama anayeuliza "kiko wapi?". Hicho kichwa kinachogeuka ndicho unachokinunua kwa firigisi zote hizo.

Akibweka, hajakosa adabu. Nyinyi mmekaribia mno au siku yake ilikuwa imeshajaa. Hakuna kupiga kelele, maana kwake kelele yako ni kubweka pamoja naye. "Huku", mgeuke, mwende mpaka aweze kunusa ardhi, mtawanyieni vipande vichache, mrudi nyumbani. Kesho muongeze mita 10. Akikataa chakula anachokipenda, mko mbele ya mpaka ingawa yuko kimya. Akikila kwa kukivamia na taya ngumu, mko juu ya mpaka wenyewe.

Mpe kijana daftari. Kila tukio liandikwe: saa, kitu gani, umbali wa hatua ngapi, alichukua muda gani kutulia. Bila daftari utasema "hajabadilika", kumbe nusu saa ya kuzunguka mti imeshakuwa dakika 5. Kupungua kwa muda wa kutulia ndiko kunakotangulia, kubweka hupungua baadaye. Mkiushika mpango wa ua na mapumziko, dalili za kwanza hutokea kati ya wiki ya 3 na ya 6, na kazi nzima ni ya miezi. Itatokea arudi nyuma, hasa Ramadhani, watu wanapopita usiku kwa tarawehe na ngoma za daku, na Idi kwa fataki. Mwezi huo usimsogeze karibu na njia hata hatua moja. Shikilia alipofika, mengine mpaka Shawwal.

Na tusikudanganye kuhusu mwisho wake. Huenda Komando asimpende kamwe mwenye bodaboda. Lengo ni aone, amtazame kijana, bodaboda ipite.

Wakati wote huo mzoeze kifunga mdomo cha kikapu, cha waya au plastiki, ambacho anaweza kufunua mdomo wote, kuhema na kunywa maji akiwa nacho. Kile cha kitambaa kinachobana taya hakifai kwa joto letu, mbwa hujipoza kwa kuhema na akifungwa mdomo anaweza kufa. Kama Unguja hukipati, agiza Dar, ukipima kwanza urefu wa pua mpaka chini ya macho na mzunguko wa mdomo. Usimvishe kwa nguvu. Paka ndani mchuzi mzito wa dagaa, kishike kwa glavu, aingize pua mwenyewe, atoe. Siku kadhaa hivyo hivyo tu. Kisha kaza mkanda kwa sekunde 5, fungua; sekunde 20; dakika. Avae kila anapotoka nje ya ua, na kila daktari anapokuja. Akiwa nacho asiachwe peke yake.

Ikiwa amewahi kutoboa ngozi ya mtu, au anamvizia mwanao bila kunguruma, simamisha mafunzo na umwite daktari wa mifugo kwanza. Zipo dawa za kushusha hofu anazoweza kumwandikia zikaenda sambamba na mafunzo. Na kati yake na watoto wako wadogo ziwepo siku zote pingamizi mbili, mnyororo na uzio, au uzio na mlango, kwa sababu moja hukatika, kama ulivyoona.

Ama wasasi, mbwa wao huwinda kwa kundi, na koko mwoga aliyekulia kwenye mnyororo akiingizwa ghafla kati ya mbwa wageni na nguruwe aliyejeruhiwa, ama ataumizwa ama atatoroka, na akitoroka atakuwa barabarani kijiji ambacho hakuna anayemjua. Jaribu kwanza miezi 3 kwa mpango huu. Ukiamua baadaye kumtoa, mpe mtu mwenye shamba tulivu mbali na njia, umweleze ukweli wote wa bodaboda na wa mtoto wa chuo, na umkabidhi daftari, kikapu cha mdomo na kadi ya chanjo.